Jikoni kwa Watu wa Kimya

Ninyi vijana mliobaki jikoni mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka niliyopika pale kituoni, msije mkafikiri mambo yalianza na ninyi. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo nayaacha. Aliyepandishwa anajua, na aliyerukwa bado analalamika. Nitasema kuhusu sufuria, wageni, na Koros wa kengele, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Mnamsikia tu akitajwa, na kila anayemtaja anaongeza chumvi yake.

Kabla ya kuja kituoni nilipika katika shule ya bweni Nakuru, kisha kantini ya shamba la maua Naivasha. Shuleni nilijifunza kwamba kijana mwenye njaa hana adabu. Kwenye maua nilijifunza kupika haraka, maana mtu aliyekata waridi tangu alfajiri hataki hadithi ya viungo. Kituoni walinichukua kwa sababu nilisema naweza kupika bila nyama. Hawakuniuliza nilijifunza wapi. Shule ile ilikuwa imenizoeza kupika bila nyama, bila mafuta, na siku nyingine bila chumvi.

Siku yangu ya kwanza meneja alinizungusha. Mlima Longonot ulikuwa juu yetu, vumbi lilikuwa ndani ya kila kitu, na katikati ya vumbi hilo tajiri mmoja alikuwa amejenga nyumba nzuri ya mawe ili watu waje kutafuta amani ya ndani kwa mafundisho ya Budha. Kulikuwa na ukumbi wa kukaa na kutafakari, vyumba vya wageni, bustani ya lavenda, na jiko huku chini. Meneja alinisomea sheria. Wageni hawasemi tangu wanapofika hadi siku ya mwisho. Wafanyakazi hawapigi redio, hawapigi mluzi, hawaitani kwa sauti. Hakuna nyama, hakuna mayai. Nikamuuliza kama kukohoa kunaruhusiwa. Alifikiri kwanza, kisha akasema kwa kiasi.

Nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu. "Hiyo sanamu yao, unaisujudia?"

"Naipangusa vumbi," nikamwambia.

Mchungaji wetu hakuridhika na jibu hilo. Alikuja nyumbani akaniombea kwa muda mrefu, akakemea roho za mashariki, na alipomaliza akaniuliza kama kuna nafasi ya kazi huko kwa mpwa wake.

Mwaka ule wa kwanza mwalimu wetu alikuwa mtawa mzee kutoka Sri Lanka. Tulimwita Bhante, ndivyo watawa wao huitwa kwa heshima. Kipara, shuka la rangi ya kutu, miguu mikubwa ya mtu aliyetembea sana. Siku aliyofika nilimpikia chakula cha jioni cha kumkaribisha: chapati, ndengu za nazi, kabichi, mukimo. Nikapanga mezani vizuri, nikarudi jikoni. Baadaye nikachungulia. Mzee amekaa, mikono mapajani, anakitazama chakula kwa upendo, hagusi. Nikajua nimeweka pilipili nyingi. Kumbe mtawa wa aina yake hali kitu baada ya saa sita mchana. Nikasema sawa, asubuhi nitamlipa. Asubuhi nikaweka uji, viazi vitamu na ndizi, nikaondoka. Nikarudi: mzee amekaa, mikono mapajani, anakitazama. Kumbe tena, hawezi kuchukua chakula ambacho hajakabidhiwa mkononi. Tangu jana alikuwa na njaa, na alikuwa ananisubiri mimi nipate akili. Aliponiona nimeelewa alicheka mpaka akajishika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa tupu.

Nawaambia hili kwa sababu bado linatusumbua pale. Mtawa akija, mpe chakula kwa mikono miwili, mapema, na usimame pale. Wale wageni wengine wanaovaa shuka la kuvutia na wanakula saa yoyote, hao si watawa. Hao wametoka Nairobi.

Bhante alijifunza Kiswahili chake kwa watu wa bustani, kwa hivyo kilikuwa Kiswahili cha jembe na mbolea. Alipenda kuja jikoni kunitazama nikikata vitunguu. Siku moja akaniuliza, "Wewe kata kitunguu gani?"

"Hiki hapa, Bhante."

"Hapana. Wewe kata ya kesho." Akanionyesha kidole changu, ambacho kilikuwa kinatoka damu na mimi sikuwa nimeona.

Hayo ndiyo mafundisho yote ya Kibudha niliyoyapata, na yamenitosha. Kitu kingine nilichokiona kwake ni hiki. Siku moja amekaa ukumbini na wageni, macho yamefungwa, kimya kabisa, mvua ikaanza. Mashuka yetu yote ya vitanda yalikuwa kwenye kamba. Nikaona mlango unafunguka na Bhante anatoka mbio, shuka lake linapepea, na nyuma yake wageni wote peku, wakaanua nguo, wakazikunja, wakarudi ndani wakaendelea na kimya chao. Hakutoa hotuba. Nilimpenda mzee yule, na alipoanza kuugua na kurudishwa kwao niliona jiko limekuwa kubwa.

Aliyefuata ni Madam Serah. Huyu alikuwa Mkenya mwenzetu kutoka Nairobi, zamani alifanya kazi ya kusimamia wafanyakazi katika kampuni fulani, na alienda ng'ambo kwa wiki chache akarudi mwalimu wa amani. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini, sauti ya kuongea na mtoto mwenye homa, na alituongelesha hivyo sisi wote, hata dereva wa lori la maji. Kila kitu kwake kilikuwa safari. Mgeni akilia, ni safari. Mgeni akigombana na mumewe kwa ishara za mikono mezani, ni safari. Mgeni mmoja alizidisha maharagwe akahara usiku kucha, nikaenda kumweleza Madam, akaniambia kwa upole, "Chef, hiyo ni safari yake. Tumwachie." Nikamwachia. Safari ilikuwa ya chooni.

Kuhusu maharagwe, andikeni ukutani: yalowekwe tangu jana, maji ya kulowekea yamwagwe, na siku ya vikao virefu yasipikwe kabisa. Ukumbi wa kimya hausamehe maharagwe. Hapo ndipo niliona maana ya kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wageni wa Madam walikuwa watu wa maofisi, wazuri tu, wamechoka. Mmoja alinipa karatasi, kwa sababu haruhusiwi kusema, ameandika kwamba korongo wanaolia asubuhi wanaharibu utulivu wake, je, jikoni tunaweza kufanya kitu. Nilimjibu kwa karatasi vilevile kwamba nitaongea nao. Mama mwingine tulimkuta nyuma ya stoo ya kuni amejificha na soseji, anakula na machozi yanamtoka, tukamwekea kiti. Na kulikuwa na nyani. Siku moja dume kubwa liliingia ukumbini wakati wa kikao, likaketi mbele ya sanamu, likala ndizi zote za sadaka moja baada ya nyingine, likatupa maganda, likajikuna, likatoka. Hakuna mgeni aliyefungua jicho. Madam aliwasifu sana jioni ile. Aliwaambia wamefika mahali ambapo dunia inapita na wao wamebaki. Mimi niliyefagia maganda nilikuwa na maoni yangu, lakini jikoni maoni hayapikwi.

Sasa Koros. Koros alitoka Kuresoi, kwa wakulima wa viazi, mtu mkubwa wa mabega, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Aliajiriwa kutengeneza vitu: pampu, taa, milango, paa. Kengele alipewa baadaye, kwa sababu aliyekuwa akiipiga alikuwa anasinzia. Ilikuwa kengele ya shaba, mfano wa bakuli kubwa, imekaa juu ya kimto, na unaipiga kwa kirungu kilichofungwa kitambaa. Ukiipiga vibaya inakohoa. Koros aliipiga vizuri kuliko wote. Aliniambia siri yake: "Mzee, hii kitu usiichape. Igonge kama mlango ya mama mkwe." Aliingia ukumbini, akaketi mlangoni na saa yake, akapiga ya kuanza, na muda ukiisha akapiga ya kumaliza. Hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kabla ya hiyo ya kumaliza, hata Madam. Watu wazima waliosimamia makampuni walikuwa mikononi mwa fundi wa pampu, na yeye jambo hilo lilimfurahisha kimoyomoyo. Siku akiwa na njaa vikao vilikuwa vifupi kidogo.

Kila kundi lilikuwa na siku moja ya kikao kikali, ambacho mgeni anaapa kwamba hatatikisika kabisa: hajikuni, habadilishi mguu, hafungui jicho mpaka kengele. Nasikia kikao hicho ni cha kale na cha kweli, na Bhante pia alikifanya. Madam alikiongezea kitu chake. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliwaambia wageni: "Kesho kutakuwa na majaribu. Mtasikia vitu. Msiviendee. Semeni moyoni, ni sauti, ni sauti tu, mkaiachilie." Na mimi alinipa kazi ya kupita nyuma ya ukumbi wakati wa kikao na kuangusha sufuria kubwa juu ya mawe. Sitawadanganya, ile kazi niliifurahia. Ni nani kati yenu ameajiriwa kuangusha sufuria?

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya kikao hicho. Meneja alikuwa Nairobi, watu wa bustani walikuwa mapumzikoni, na mama tuliyepika naye alikuwa sokoni Naivasha, kwa hivyo upande wa wafanyakazi tulikuwa mimi na Koros tu. Asubuhi Koros alipiga kengele ya kuanza. Nikapita na sufuria yangu, nikaiangusha, ikalia vizuri sana, hakuna aliyetikisika, nikarudi jikoni kwa wali wangu na ndengu. Muda si mrefu maji yakakatika kwenye mfereji. Koros aliisikia pampu kutoka ukumbini, akanyata akatoka, akaja kuchungulia mlangoni mwa jikoni.

"Mzee, ni pampu imekunywa hewa. Naenda kuangalia, nirudi kabla saa yao iishe."

"Nenda. Ndengu haziwezi kuiva kwa maombi."

Pampu ilivuta maji kutoka tangi la chini ya ardhi nyuma ya ukumbi, karibu na lavenda. Tangi lile lilijengwa kwa mawe na kufunikwa kwa zege nene, na juu kulikuwa na tundu moja lenye mfuniko wa chuma na ngazi ya kushukia. Lori la maji lilikuwa limelijaza jana yake. Koros alishuka kuangalia bomba, ngazi ikang'oka ukutani ikaenda naye. Maji yalikuwa yamempita kimo, kuta ni laini, na mtu wa Kuresoi anajua viazi, hajui kuogelea. Alishika bomba la plastiki la pampu, likaanza kupinda. Hayo aliniambia baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda juu.

Nilijua kuna kitu kwa sababu ya wali. Wali wangu uliiva, ukakaa, ukaanza kushikana, na kengele haikulia. Nikafikiri Koros amesahau. Nikangoja. Ndengu zikapoa, nikazirudisha motoni, zikapoa tena. Koros hakuwahi kuchelewesha chakula maishani mwake. Nikatoka kumtafuta. Nikapanda hadi ukumbini, na kwa vile madirisha yalikuwa wazi, niliwaona wote wamekaa, migongo imenyooka, Madam mbele yao, nyuso zimetulia kabisa. Kirungu kilikuwa juu ya kimto na mahali pa Koros palikuwa patupu. Ndipo nikasikia sauti. Ilikuwa ndogo, imekwisha, na ilisema "mzee."

Nikaifuata nyuma ya ukumbi, nikapiga magoti kwenye tundu la tangi. Nilichoona kwanza ni vidole, vyeupe, vimeshika bomba, kisha uso wake umeinuka ili pua iwe juu ya maji. Nikachukua mpira wa kumwagilia maua, nikaufunga kwenye nguzo, nikamteremshia. Akaushika. Nikavuta. Koros ni mtu mkubwa na mimi nilikuwa na miaka ya kustaafu tayari. Hakupanda hata kidogo, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi.

"Shika hivyo hivyo," nikamwambia. "Naleta watu."

Watu walikuwa hapo, nyuma ya ukuta. Nikaingia ukumbini na gamubuti zangu, mahali ambapo hata soksi zilihitaji ruhusa. Nikasema kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye haraka, "Jamani, Koros ameanguka ndani ya tangi. Njooni tumvute."

Hakuna aliyesogea. Nikasema tena, kwa nguvu. Bwana mmoja wa mbele alitabasamu kidogo bila kufungua macho, tabasamu la mwanafunzi aliyeona swali alilolisomea. Mama mmoja alivuta pumzi ndefu akaitoa polepole. Nilimtazama Madam. Nyusi zake zilipanda, zikashuka. Walikuwa wananishinda. Mimi nilikuwa sufuria ya pili.

Nimekuwa na hasira mara nyingi jikoni, lakini ile ilikuwa nyingine. Sikubishana nao. Nilikiokota kirungu na kuipiga ile kengele, si kama mlango wa mama mkwe, niliipiga kama ile ya shule ya bweni siku ya nyama. Hapo wakafungua macho wote. Wakaunganisha viganja. Wakainama.

"Sasa tunarudi," Madam akasema kwa sauti ile laini, "polepole, tukihisi vidole vya..."

"Madam, mtu anakufa."

Ndipo alinitazama. Alimwona mtu wa gamubuti, magoti yamejaa vumbi, jasho linamtiririka, na nikaona uso wake unabadilika. Kusema kweli, hakuchelewa tena. Alikuwa wa kwanza kuinuka, na wa kwanza kuanguka. Walikuwa wamekaa muda mrefu mno, zaidi ya kikao chochote kabla yake, kwa sababu mpiga kengele alikuwa majini, na miguu yao yote ilikuwa imekufa ganzi. Mnajua mtu anavyotembea mguu ukiwa na ganzi. Wazidisheni wawe ukumbi mzima. Bwana wa tabasamu alitoka mlangoni kwa mikono na magoti. Wengine walishikana mabega, wengine waliburuta mguu mmoja, shali zinafagia lavenda, na mimi mbele yao napiga kelele wafanye haraka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka kesho.

Lakini walivuta. Hilo nalisema kwa haki. Walipofika kwenye mpira walivuta kwa moyo wote, hata yule aliyekuwa bado amepiga magoti, na Koros akatoka kwenye tundu, mabega yakakwama, yakapita, akalala kwenye nyasi akatapika maji. Tulimgeuza. Alipopata pumzi alinishika mkono.

"Mzee, nani amepiga kengele yangu hivyo?"

Nilimpeleka jikoni, nikamvua shati nikalitundika juu ya jiko, nikamvika koti langu la kazi ambalo halikufunga kifungo hata kimoja. Mgeni mmoja, binti mdogo, alileta shali yake ya sufu akamfunika mabegani na akaondoka analia. Nikampa chai ya tangawizi, sukari kama ya harusi. Akanywa kikombe cha kwanza, meno yanagonga kauri. Kikombe cha pili akaanza kucheka. Aliniambia alipiga kelele tangu mwanzo kabisa. Alianza kwa kuita "saidia," kisha akamwita Mungu, kisha mama yake aliyekufa, kisha mimi.

"Nikaimba hadi wimbo ya kanisa, mzee. Yote."

"Na hakuna aliyesikia?"

"Watasikia aje? Hiyo simiti ni kitu ingine. Ukiongea ndani, sauti inakurudia mwenyewe. Nikasema, hawa watu hawana makosa. Wakijua wangekuja."

Alisema hivyo kwa furaha. Nilimwona ameshajipangia jambo hilo vizuri: zege lilikuwa nene, dunia ilikuwa nzuri. Sikumwambia kuhusu madirisha ya ukumbi. Asubuhi nilikuwa nimesimama hapo, yako wazi, na ile sauti yake ndogo niliisikia.

Alasiri Madam aliita kikao cha kushirikishana, ambacho watu huruhusiwa kusema. Alisema tukio kubwa halifai kuachwa hivi hivi, na akaomba Koros aje, kama mgeni wa heshima. Nilimshauri asiende. "Wacha tu, mzee, wanataka kunipa pole," akasema. Akaenda na kikombe chake na shali mabegani, wakampa mto wa kukalia wa mbele, na mimi nikasimama mlangoni kwa sababu sikumwamini mtu.

Aliyeanza ni yule mama aliyevuta pumzi ndefu asubuhi, mtu wa kampuni ya bima. "Mimi nilisikia mapema sana," akasema. "Ile ya kwanza kabisa, ya kusema saidia. Moyo ukaruka. Nikajiambia, ni sauti, ni sauti tu. Ikaja, nikaitazama, ikapita. Sijawahi kuweza hivyo."

Wengine wakaguna kwa kukubali. Bwana wa tabasamu akafuata. "Kwangu ilikuwa alipoanza kumwita Mungu, halafu mama yake. Nilijua hiyo sauti. Nilijua kabisa ni Koros. Nikasema, hapana, hilo ni jina, achilia jina. Nikaachilia. Nikajivunia. I was so proud of myself, honestly."

Nilimtazama Koros. Kikombe kilikuwa kimesimama kati ya goti na mdomo.

Binti wa shali alikuwa bado analia, lakini naye alitaka kusema. "Mimi ni ule wimbo. Aliimba wote, na mwishoni sauti ikawa ndogo, kama ya mtoto anayelala. Hapo nikapata amani. Naomba msinihukumu, lakini sijawahi kupata amani kama ile."

Wakazunguka hivyo ukumbi mzima. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila kipande kilikuwa sahihi. Ungeviunganisha ungepata kila neno alilolitoa ndani ya lile tangi kwa mpangilio wake. Madam alikuwa wa mwisho. Alikiri kwamba alitaka sana kufungua macho, akalitazama hilo tamanio mpaka likatulia. Kisha akamgeukia Koros, akaunganisha viganja, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo pia nalisema kwa haki.

"Koros, ndugu yetu, leo umetufundisha sisi wote. Tupe neno lako. Ulihisi nini kule ndani?"

Koros aliweka kikombe chini. Aliwatazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu. Kisha akanitazama mimi mlangoni.

"Mimi nilikuwa nafikiria ni simiti," akasema.

Akaivua ile shali, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mto, akapita karibu nami akatoka. Alikwenda kwao Kuresoi na koti langu, na hakurudi hata kuchukua vyombo vyake vya kazi. Jioni nilipiga kengele ya chakula mimi mwenyewe. Walikuja wote kwa utulivu, wakapanga mstari, wakamaliza ndengu, na wawili wakauliza kwa ishara kama zimebaki.